Maji Moto Kila Asubuhi

Katika mtaa wetu wa Dilala, hapa Kolwezi, mapenzi yanapimwa kwa ndoo. Nasikia kwingine watu wanapeana maua, wengine wanatumiana ujumbe wenye mioyo myekundu kwenye simu, na wote hao nawaonea huruma kwa kukosa kipimo cha uhakika. Sisi tunacho. Asubuhi mwanamke anatoka uani, anawasha mbabula, yaani jiko letu la makaa, anabandika sufuria kubwa ya maji. Yakichemka anayamimina kwenye ndoo na kuyapeleka bafuni huku mvuke ukimpanda usoni. Hapo majirani wote wanajua kwamba mume na mke wa nyumba hiyo wamekutana. Ndivyo tulivyofundishwa tulipoolewa: mwanamume akishakuwa na mke wake, mke amchemshie maji. Siku nyingine ataoga ya baridi na hatakufa.

Nyumba zetu ni zile za zamani za kampuni ya migodi. Zimejengwa kwa safu, ua wa huyu umepakana na ua wa yule, na michongoma iliyokuwa ikitutenganisha ilishakufa zamani, nasi hatukuona haja ya kupanda mingine. Kwa hiyo hakuna ndoo inayopita bila kuonekana. Aliyeona kuliko wote alikuwa jirani yangu wa nyuma, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Mume wake anafanya biashara ya mpakani kule Dilolo na hurudi mwisho wa mwezi, basi mama huyu alikuwa na nafasi ya kufuatilia mambo ya wenzake. Ukimuuliza habari za mtaa hakuanza na wagonjwa wala misiba. Alianza na ndoo.

Mume wangu ni dereva wa yale malori makubwa ya mgodini, ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu kimo. Zamani alifanya kazi kwa zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Kisha wakubwa wake, ambao naamini wanalala vizuri sana, wakaamua kwamba yeye na kikosi chake wabaki usiku moja kwa moja. Alikuwa akiondoka jioni kwa basi la wafanyakazi na kurudi asubuhi jua likitoka.

Sasa, mgodini kuna bafu, chumba kimoja kirefu chenye maji ya moto yanayotiririka kutoka juu, na wafanyakazi wote huoga humo kabla ya kupanda basi. Wanarudi kwa wake zao wasafi, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, kama watu waliotoka misa. Mume wangu naye alirudi na shati lililopigwa pasi. Ila chini ya shati alikuwa na vumbi kutoka shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, maana hakuwa ameoga. Alikuwa amenawa uso na mikono tu.

Sababu yake ni hii. Katika kikosi kile kile wakamleta mkwe wetu, kijana aliyemwoa binti yetu wa kwanza. Kwetu mkwe haoni uchi wa baba mkwe wake, na baba mkwe haoni wa mkwe. Hata kukaa pamoja kwenye benchi moja ni kazi. Mmoja akiingia kwenye bafu lile, mwingine lazima abaki nje, na basi halimngoji mtu. Mume wangu akaamua kwamba kijana ndiye aoge, kwa sababu anarudi kwa binti yetu, na binti yetu hatukumlea ili alale na vumbi. Mimi, ambaye sikuzaliwa na mume wangu, ilionekana nimelelewa kwa ajili hiyo.

Basi kila asubuhi nikawasha mbabula. Vumbi lile, maji ya baridi hayalitoi, yanalibadilisha tu kuwa tope. Mume wangu alishuka kwenye basi, akapita mbele za watu na shati lake safi, akaingia ndani, na kitambo kidogo ndoo ikapita uani na mvuke wake.

Nawaombea radhi majirani zangu, kwa sababu hesabu yao haikuwa na kosa. Mtu ametoka kazini ameshaoga, kila mtu anajua wanaoga kule. Anaingia kwake, haketi hata nje kusalimia. Mara ndoo. Aoge tena kwa nini? Na si leo tu. Kesho pia, na keshokutwa, na wiki nzima, na mwezi mzima. Kitu pekee ambacho kingewafanya wajiulize ni ule muda kati ya mlango kufungwa na ndoo kutoka, ambao kwa kweli haukumpa mume wangu heshima yoyote. Lakini mtaa uliamua kuuita hamu.

Na mimi ningesemaje? Mama mkwe hawezi kutamka kuoga na mkwe wake kwa pumzi moja. Ningeanza kueleza habari za bafu la mgodini, nani aliingia na nani alibaki nje, ningekuwa nimemvua kijana nguo mbele ya mtaa mzima. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa kiburi cha mwanamke aliyeshiba.

Sasa niseme kilichokuwa kikiendelea ndani ya nyumba hiyo yenye moto mkali. Mume wangu alioga. Alikula bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alitundika kitenge dirishani kuzuia jua, akalala kama gunia. Mimi nilikaa barazani na cherehani yangu, nikishona taratibu nisimwamshe. Alasiri aliamka, akanywa chai, akatafuta soksi, akaenda kungoja basi. Usiku ukiingia nililala peke yangu. Kitanda chetu hakikupumzika mchana wala usiku, ila siku za kazi hakikuwahi kubeba watu wawili. Jumapili, siku yake ya mapumziko, aliipeleka kanisani, akasinzia kwenye mahubiri, akarudi nyumbani kumalizia.

Nilimkosa mume wangu. Nalisema hivyo hivyo, kwa sababu nimechoka na wanawake wa rika langu wanaojifanya kwamba mambo hayo waliyaachia mabinti zao. Nilikuwa na mwili, na mwili ule ulimkumbuka. Nilikumbuka mkono wake ulivyokuwa ukinitafuta nikiwa nimempa mgongo, na alivyokuwa akicheka kwa sauti ndogo watoto wasisikie. Nilipompelekea kitambaa cha kujifutia bafuni niliona mgongo wake umelowa, nikarudi jikoni haraka kukoroga chakula ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Wala si kwamba alikuwa mkali au mtoro. Afadhali angekuwa hivyo, ningejua pa kuanzia ugomvi. Alikuwa mwema mno. Kwenye chakula wanachopewa usiku kazini kulikuwa na yai la kuchemsha, na hilo yai hakulila hata siku moja. Alilifunga kwenye karatasi, akaniletea kwenye mfuko wa shati. Nililila nikiwa nimesimama, nikijiuliza kama kuna mwanamke mwingine Kolwezi aliyewahi kulishwa mayai mengi hivyo na mwanamume asiyemgusa. Nikaanza kufikiri kwamba ananipenda jinsi anavyompenda dada yake, au mama yake, au lori lake. Nilifikiri yale mengine yameshakwisha, na kwamba yamekwisha kwa sababu yangu.

Kipindi hicho kanisani kwetu walikuja wageni kutoka Lubumbashi, bwana na bibi, kufundisha watu wa ndoa. Walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, jambo ambalo peke yake lilitosha kunikasirisha. Yule bwana akashika kipaza sauti akatuambia kwamba kuridhika kitandani si kitu cha kutafutwa. Palipo na mapenzi kunakuja kwenyewe, kama behewa linavyofuata kichwa cha treni. Watu wakapiga makofi. Ni wazi bwana huyo hajawahi kungoja treni Kolwezi. Tukiwa njiani kurudi, jirani yangu akasema bwana yule ameligeuza neno juu chini: kuridhika ndiko kunakoyavuta mapenzi, mwanamume akiridhika harudi nyuma. Kisha akaniangalia kwa jicho la heshima.

"We mama unajua," akasema.

Nikamwambia ndiyo, najua.

Baada ya hapo akaja kwangu asubuhi moja, nikiwa ndio kwanza nimetoka bafuni na ndoo tupu. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Kwetu, kabla ya harusi, wanawake waliokwisha kukaa kwenye ndoa wanamweka bibi-arusi chini na kumfundisha mambo ya ndani. Wanachaguliwa wale ambao nyumba zao zinasimama.

"Mama," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo, "mutoto yangu anaenda ku ndoa. Mi nataka we njo umufundishe. Bale bengine batamwambia maneno tu. We uko na bintu ya kuonyesha."

"Bintu gani?"

"Mama, usinichekeshe."

Ningeweza kukataa. Lakini niliitwa mwalimu, na ni kazi ngumu kukataa jina zuri ukiwa huna kingine cha kujifariji. Nikajibu kwamba nitakuja.

Siku ya mafunzo ilikuwa Ijumaa asubuhi, sebuleni kwa jirani yangu. Viti vilitolewa nje, mkeka ukatandikwa, na bibi-arusi akakalishwa katikati, miguu imenyooshwa, kitenge kimemfunika kichwa. Mashangazi na mama zake wadogo walikaa kumzunguka. Wakaanza na yale ya kawaida. Wakamwonyesha jinsi ya kupiga goti anapompa mume maji ya kunywa, jinsi ya kujibu anapogombezwa, yaani kutojibu. Wakamchezesha, wakamrekebisha kiuno. Kisha shangazi mmoja akaleta ndoo mpya yenye utepe mweupe kwenye mpini, akaiweka mbele ya bibi-arusi taratibu kama anayelaza mtoto mchanga.

"Hii njo ndoa yako," akasema. "Muntu akikosa kuona hii asubuhi, ajue nyumba iko na shida."

Wanawake wote wakageuka kuniangalia mimi. Ilikuwa zamu yangu.

Kabla sijafungua mdomo, bibi-arusi akakiondoa kitenge kichwani. Ni msichana mtulivu, amesoma, anauza dawa kwenye duka karibu na soko. Alinitazama mimi peke yangu, na niliona kwamba anaogopa kweli.

"Mama, niko na swali. Hapa bananifundisha tu kama bwana njo anataka. Na kama ni mi nataka, na yeye eko analala?"

Kelele zilizotokea hapo ziliwaamsha kuku.

"Ee! Bibi-arusi hasemake vile!"

"Funika kichwa, we mutoto!"

Lakini yeye hakufunika. Akasema tena, sasa machozi yakimlengalenga, "Na kama hanigusi, nitajua namna gani kama ananipenda?"

"Uliza mama," jirani yangu akasema kwa fahari, akinionyesha kwa mkono wote. "Yeye eko na jibu. Maji kila siku, mvua ipige, jua liwake."

Nikaiangalia ile ndoo yenye utepe. Nikamwangalia yule msichana, ambaye alikuwa ameuliza kwa sauti, mbele za watu, jambo nililokuwa nikijiuliza kila asubuhi nikipuliza makaa. Hasira ikanipanda. Sikumkasirikia yeye. Nilitukasirikia sisi sote, wanawake wazima tuliokaa kwenye mkeka tukimkabidhi mtoto ndoo.

"Maji yangu ni ya vumbi," nikasema.

Kicheko kikazuka. Walicheka mpaka shangazi mmoja akajifuta macho.

"Anaficha!"

"Anaogopa tutamwiba dawa yake!"

"Vumbi! Mama, we ni muntu ya mayele, ya ujanja!"

"Ni vumbi," nikasema kwa sauti. "Mukwe yetu eko mu ekipe moja na bwana yangu. Bwana hawezi kuoga kule mbele ya mukwe. Anakuya na vumbi yote, anakuya kuoga hapa. Ni kuoga tu. Kisha analala. Ni vile tangu balimuweka usiku."

Nilipotaja mkwe, kicheko kilikatika ghafula. Kama ningeapa kwa Biblia wangeendelea kucheka, lakini neno la mkwe walilielewa mara moja, kila mmoja kwa mkwe wake. Niliona nyuso zao zikirudi nyuma, zikihesabu upya asubuhi zote zile, ndoo moja baada ya nyingine. Shangazi aliyeleta ndoo akaivuta karibu na miguu yake. Mimi nilikuwa nimevunja mwiko, nimeanika kitanda changu, na nimemwangusha mume wangu kutoka juu kabisa, yote kabla ya chai ya saa nne.

Nikamgeukia bibi-arusi, kwa sababu alikuwa bado ananidai jibu.

"Kama ni we unataka, mwambie."

"Na akikatala?"

"Sijue, mutoto yangu. Mi, bwana yangu sijamwambia."

Mafunzo yaliisha mapema. Watu walikula haraka, wakanishukuru kwa adabu ile ya kumshukuru daktari aliyeleta habari mbaya, wakaondoka wakiwa wawili wawili. Mchana jirani yangu akaja pale michongoma ilipokuwa zamani. Nilijiandaa kwa matusi.

"We mama," akasema, akitazama chini, "yangu nayo haina yote ya kweli. Bwana akirudi kutoka Dilolo, asubuhi ya kwanza ni ya kweli. Zile zinafuata, mi tu nachemsha, naoga mwenyewe. Juu bantu baone."

Mwanamke huyu alikuwa ameuhesabu mtaa mzima kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikidanganya. Nikamwambia aingie anywe chai. Akakataa, akasema ana nguo za kuanua, na kweli zilikuwepo, ila zilikuwa bado zinadondosha maji.

Kilichobaki ni hofu. Mume wangu aliamka, akanywa chai, akatafuta soksi zake, nami sikumwambia kitu. Nilijua wenzake wa kwenye basi wana wake, na wake hao wana midomo. Niliwaza kwamba mtu huyu, ambaye labda alikuwa bado ananipenda kidogo, sasa ataniona adui. Kabla ya kulala nilikuwa nimeshaamua jambo moja: nimesema mbele ya wanawake, basi nitasema mbele yake, na nikipoteza nipoteze kila kitu kwa pamoja.

Asubuhi sikuwasha mbabula. Uani kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, wote wakifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mume wangu alishuka kwenye basi akaja haraka, uso umekunjwa. Akaingia, akavua shati, vumbi likaonekana, akachukua kitambaa chake.

"Maji iko wapi?"

"Leo hakuna."

Akabaki amesimama na kitambaa begani.

"Balinielezea mu bisi," akasema. "Ulitoa bintu ya nyumba yetu inje."

"Nilisema vumbi."

"Bantu balikuwa bananiheshimu, mama."

"Juu ya ndoo?"

Akakishusha kitambaa begani. Kisha, kwa sauti ndogo, "Eh. Juu ya ndoo."

Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mwanzo! Kwenye basi walimwachia kiti cha mbele. Vijana walimwita mkubwa. Dereva mwenzake alimfuata pembeni akamwuliza ni mizizi gani anayokunywa, naye, badala ya kusema kweli, akafikiri kidogo.

"Nilimwambia ni kalanga," akasema. "Kalanga mbichi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini hapo kicheko kilinitoka bila ruhusa yangu. Kumbe ndiyo maana karanga zilikuwa zimepanda bei pale kwenye kona. Wanaume wa nusu ya Dilala walikuwa wakitafuna mbichi, wakirudi nyumbani na tumbo limejaa gesi, kwa ajili ya mume wangu ambaye hata mimi hakunikamata mkono. Naye akacheka, kidogo, akiangalia sakafu. Kisha nikaona kwamba mimi sicheki tena.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "maji ya moto iko na sababu yake. Ukitaka maji, leta sababu."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda na vumbi lake lote, juu ya shuka nilizofua jana. Nje, fagio moja lilikuwa limesimama.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Mwili yangu inachoka. Nalala na macho wazi mu lori. Kwanza nilijisemea: acha nipumzike, kisha nitamukamata bibi yangu vizuri. Siku zikapita. Kisha mu bisi bakaanza kunisifu. Kila bakinisifu nikaogopa zaidi. Kama nikikusogelea na nikishindwa, mi nitakuwa nani? Hapa ndani nashindwa, kule inje mi ni mukubwa."

"Na mi nilifikiri haunipendi tena."

Aliinua kichwa. Nimeishi naye miaka mingi na namjua akiigiza, na hapo hakuwa anaigiza. Alishangaa kabisa.

"Nani?"

"We."

"Mi? Nakupenda. Nilifikiri unajua."

"Ningejulia wapi?"

"Si nakuletea yai?"

Nikalia. Nililia kwa furaha na kwa hasira, na sikuweza kuzitenganisha. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na kiatu. Nikamwambia kwamba mayai nimeyaona, na asante, ila mimi si mgonjwa wa hospitali. Nikamwambia ninamtaka. Nililisema neno hilo hivyo hivyo, bila kulizungusha, jua likiwa limeshapanda, na paa halikuanguka. Nikamwambia pia kwamba sihitaji mtu mkubwa wa kwenye basi. Akishindwa, ashindwe akiwa karibu yangu, nitamjua tu ni yeye.

Alinivuta mkono, nikalala pembeni yake, kichwa changu kwenye bega lake lililojaa udongo wa mgodi. Akanikumbatia kiunoni. Akasema, "Sasa, mama, acha nifunge macho kidogo tu," na kabla hajamaliza neno la mwisho alikuwa anakoroma.

Nikabaki nimelala pale, nguo za wateja zikiningoja barazani, nikiyahisi mapigo ya moyo wake. Nilijua kwamba napendwa. Sikuwa na shaka tena hata kidogo. Na nilikuwa bado na njaa ile ile. Yule bwana wa kipaza sauti alituambia moja linalivuta jingine, jirani yangu naye akaligeuza, na hakuna aliyeniambia kwamba yote mawili yanaweza kulala na mtu kitanda kimoja bila kusalimiana. Nilikaa nayo yote mawili, sikumwamsha.

Aliamka mwenyewe jua likiwa juu. Alikuwa hajanigeuzia mgongo. Akaniangalia muda mrefu, kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua, kisha mkono wake ukaanza kunitafuta, polepole, kwa woga, ukisimama njiani kuuliza. Nikaujibu.

Hapo mlango ukagongwa. Mteja wangu alikuwa amekuja kujaribisha gauni la harusi, na alikuwa mwanamke asiyekata tamaa. Aligonga, akaita, akagonga tena. Mume wangu aliganda. Kisha tukasikia nyuma ya nyumba sauti ya jirani yangu, sauti ile ile inayojua nani ameamka na nani amelala, mvuke wa nani ni wa kweli na wa nani ni wa uongo.

"Habako, mama!" akamwita. "Balitoka mapema sana, mi nilibaona. Kuya kesho."

Tulikuwepo.